Maswali ya Wasomaji: Mtini ukichipua, tunatakiwa tuelewe nini?

Toleo lililopita tuligusa Mathayo 24 kwa juujuu tu na barua zikamiminika, nyingine ndefu mpaka nikazisoma kwa mafungu, kwa hiyo leo sina mada mpya, nimechukua zile zinazofanana nazijibu. Kwa ambaye hana Biblia karibu, mfano wenyewe ni mfupi sana. Yesu anasema tazameni mtini, tawi lake likishakuwa laini na majani yakichanua mnajua msimu wa joto umekaribia, basi na nyinyi mkiyaona hayo yote jueni yu karibu, yuko mlangoni. Halafu anaongeza kizazi hiki hakitapita mpaka hayo yote yatimie, na mbingu na nchi zitapita lakini maneno yake hayatapita. Upo Mathayo 24, Marko 13 na Luka 21.

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, mhubiri anasema mtini ni taifa la Israeli, lilichipua mwaka 1948 lilipoundwa, na kizazi kilichoona hilo hakitapita. Akachukua Zaburi ya 90 inayosema miaka yetu ni 70 na tukiwa na nguvu 80, akajumlisha, akapata 2028. Mume wangu ameikubali kabisa, sasa anasema hakuna haja ya kuhangaika na ada ya watoto wala kumalizia nyumba. Nashindwa nimjibu nini manake yeye aya anazo na mimi sina. Ni kweli mtini ni Israeli?
Dada msomaji

JIBU: Amina dada yangu. Naanza na mtini halafu nitakuja kwa shemeji.

Hiyo hesabu sio mpya, kilichobadilika ni jibu lake tu. Miaka ya 1970 na 1980 ilihubiriwa sana kwamba kizazi ni miaka 40, kama ile ya jangwani, kwa hiyo 1948 ukijumlisha 40 unapata 1988. Ikapita 1988 na watu wakaamka wakaenda kazini kama kawaida. Wengine wakahamia 1967, mwaka Israeli ilipoiteka Yerusalemu ya mashariki, 40 tena, 2007. Ikapita. Wengine wakasema hapana kizazi ni 70, wakapata 2018, ikapita nayo, na sasa tupo kwenye 80. Yaani mtini ni uleule, 1948 ni ileile, ila kizazi kinarefushwa kila muda ukiisha! Mi hesabu ya namna hiyo siiamini hata kama ingekuwa ya vikoba.

Turudi kwenye maandiko manake ndiko shemeji anakosimama. Ni kweli manabii waliwahi kuhusisha tini na watu wa Israeli, mfano Hosea 9, na Yeremia 24 kuna vikapu viwili vya tini, nzuri na mbovu, tini nzuri ni wale waliochukuliwa mateka Babeli na mbovu ni mfalme Sedekia na waliobaki, kwa hiyo sio kwamba watu wameokota hilo wazo barabarani. Lakini kusema nabii aliwahi kutumia tini hivyo haina maana kila mtini kwenye Biblia ni Israeli, maana kuna mtini wa kivuli tu wa mtu kukaa chini yake kwa amani kama Mika 4, na kuna majani ya mtini ya Adamu na Hawa, mbona hatusemi walijivika Israeli. Halafu mfungulie Luka 21:29 mbele yake, asome mwenyewe kwa sauti. Hapo Yesu anasema utazameni mtini "na miti mingine yote". Sasa kama mtini ni Israeli hiyo miti mingine yote ni nani? Nimeshasikia watu wakijibu ni mataifa yaliyopata uhuru baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ila hapo jamani tunamwekea Bwana maneno mdomoni. Luka anachosema ni kwamba mti wowote unaochipua ungefaa, mtini ni mfano tu.

Na kwa nini mtini? Angalia alikuwa wapi na lini. Alikuwa ameketi kwenye mlima wa Mizeituni, siku chache tu kabla ya Pasaka, yaani majira ya kuchipua kule. Mizeituni haipukutishi majani, ukiitazama mwaka mzima ni ileile, haikuambii kitu kuhusu msimu. Mtini ndio unaopukutisha majani yote wakati wa baridi ukabaki matawi matupu ya kijivu, ungedhani umekufa, halafu joto likianza kurudi maji yanapanda, ncha za matawi zinalainika, chipukizi linapasuka na majani mapana yanatoka. Na wakati ule anazungumza ndio hasa mitini inakuwa na majani mapya, Marko 11 inatuambia kulikuwa na mmoja wenye majani kwenye njia yao wakitoka Bethania siku hizohizo. Kwa hiyo inawezekana kabisa alikuwa anauonyesha kwa kidole. Hakuwa anawapa fumbo la kufungua baada ya miaka elfu mbili kwa kalkuleta, alikuwa anawaambia watu waliokulia mashambani kitu wanachokijua tangu wakiwa watoto.

Na hapa ndipo naona wengi wanateleza. Mkulima akiona majani ya mtini anajua joto linakuja, basi. Kutoka jani mpaka tini za msimu mkuu kuiva ni miezi, tini nyingi zinaiva mwishoni mwa kiangazi, na hakuna mkulima atakayeshika jani akakwambia tarehe. Wanafunzi waliuliza "lini" na wakajibiwa kwa mti. Angetaka kuwapa mwaka angewapa mwaka, watu wa wakati ule walijua kuhesabu miaka vizuri tu. Akawapa mti, na aya nne mbele, 24:36, akafunga kabisa: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni.

Sasa shemeji. Mweleze kwa upole, usimfokee, manake mtu akiogopa ukimfokea ndio anazidi kung'ang'ania. Mwambie yaliyotokea Marekani 1844, mhubiri William Miller na wenzake walihesabu kutoka kitabu cha Danieli, ikawekwa tarehe 22 Oktoba mwaka ule kwamba Yesu atarudi, wengine wakaacha mazao shambani bila kuvuna kwa sababu kuvuna kungekuwa kukosa imani, usiku ukapita, kukakucha, na mazao bado yako palepale. Mwambie pia ya Harold Camping, mhubiri wa redio huko huko Marekani, alisema ni 21 Mei 2011, kuna watu walimaliza akiba yao kulipia matangazo, na mwaka uliofuata Camping mwenyewe akaandika kukiri kwamba alikosea na kwamba ilikuwa dhambi kutaja tarehe. Hao hawakuwa wajinga wala hawakuwa waongo wa makusudi, walikuwa na aya kama shemeji alivyo nazo.

Halafu mwambie asiishie kwenye mtini. Watu wa klipu wanakata hapo hapo, wakati Yesu aliendelea kuongea, na kitu anachokisema muda mfupi baadaye, 24:45, ni habari ya mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba ili awape watu chakula kwa saa yake, na heri mtumwa yule ambaye bwana wake akija atamkuta akifanya hivyo. Akifanya nini? Akigawa chakula! Sio akiwa juu ya paa anatazama mawingu. Ada ya watoto ndio chakula kwa saa yake dada yangu, mwambie hivyo kabisa, na Bwana akija katikati ya muhula akamkuta ameshalipa hakuna aya inayosema atamlaumu. Wathesalonike walikuwa na shida hiyohiyo, walitishwa kwamba siku ya Bwana imeshafika, wengine wakaacha kazi wakawa wanazurura tu na kujiingiza kwenye mambo ya watu, na Paulo hakuwaandikia mahesabu mengine, aliwaandikia asiyetaka kufanya kazi na asile. Ni 2 Wathesalonike 3:10, mwekee alama kwa kalamu.

SWALI: Mimi shida yangu ni "kizazi hiki hakitapita". Wale wote walishakufa. Rafiki yangu ambaye haamini ananiambia basi Yesu alikosea, nimekosa jibu.

JIBU: Rafiki yako kauliza swali la maana, usimchukulie kama adui. Kuna majibu matatu yanayozunguka. Wapo wanaosema kizazi hapo ni kabila, yaani Wayahudi hawatakwisha duniani. Wapo wanaosema ni kizazi kile kitakachoziona dalili, chochote kitakachokuwa. Na wapo wanaosema ni watu waliokuwa hai pale pale, na mimi nipo huku, kwa sababu ukifuatilia Mathayo mwenyewe anavyotumia maneno hayo, sura ya 11, ya 12, na hasa 23:36, mambo haya yote yatakuja juu ya kizazi hiki, kila mahali ni watu wa wakati ule, na ile 23:36 ipo aya chache tu kabla ya mazungumzo haya kuanza, sioni sababu ya kubadilisha maana ghafla.

Sasa kumbuka mazungumzo yalianzaje. Wanafunzi walikuwa wanastaajabia majengo ya hekalu, Yesu akawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe. Wakashtuka, Marko anawataja Petro, Yakobo, Yohana na Andrea, wakamvuta pembeni wakauliza mambo hayo yatakuwa lini. Na yakawa. Wayahudi waliasi mwaka 66, Warumi wakaja, na mwaka 70 majeshi ya Titus, jemadari wao, yakalichoma hekalu na kubomoa mji. Kutoka mlima wa Mizeituni mpaka hapo ni miaka 40 hivi, kwa hiyo watu waliokuwa vijana siku ile waliyaona kwa macho yao. Ukienda Rumi leo lango la Titus bado limesimama na limechongwa askari wamebeba kinara cha taa saba cha hekaluni. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwamba kwa hekalu na mji, neno lilitimia ndani ya kizazi kilekile.

Najua atakurudia na aya ya 30, Mwana wa Adamu akija juu ya mawingu, hilo nalo lilitimia? Hapo ndio ugumu wa sura hii upo na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Waliuliza maswali mawili kwa pamoja, la hekalu na la mwisho wa dunia, wao waliona ni kitu kimoja, na majibu yamesukwa pamoja kiasi kwamba wachambuzi wazuri kabisa hawakubaliani mkasi upite wapi. Mimi naona "hayo yote" ya mtini yanahusu zaidi yale ambayo wangeyaona wao, halafu 24:36 inapoanza "siku ile" tumeshavuka, na ndio maana kule mbele hakuna dalili tena, kuna mwizi anayekuja usiku, kuna siku za Nuhu watu wanakula na kunywa na kuoa mpaka gharika ikawakuta. Hayo ni maoni yangu, mchungaji wako akiwa na mengine msikilize pia.

SWALI: Vita kila kona, matetemeko, magonjwa, njaa. Si ndio majani ya mtini hayo mwalimu?

JIBU: Soma 24:6 polepole. Mtasikia habari za vita na matetesi ya vita, angalieni msitishwe, hayo hayana budi kutukia, lakini "ule mwisho bado". Halafu aya ya 8, hayo yote ndiyo mwanzo wa utungu. Yaani vitu vinavyotajwa sana kwenye mimbari kama dalili kwamba mwisho ni kesho ndio hivyo Yesu mwenyewe alivyovitaja ili watu wasibabaike! Huwa nashangaa tunavyoipindua hiyo aya. Tetemeko likitokea mahali kazi ya kwanza ya Mkristo ni kuuliza nani yuko chini ya kifusi.

SWALI: Huu mtini na ule Yesu alioulaani ukakauka ni mmoja?

JIBU: Hapana. Ule wa Marko 11 ni tukio, mti halisi njiani, una majani hauna tunda. Na wa tatu upo Luka 13, mtini usiozaa miaka mitatu, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi auwekee samadi. Kila mmoja una somo lake, ukiichanganya yote mitatu ndio unapata zile klipu.

SWALI: Mwalimu unasema halikubaki jiwe juu ya jiwe, mbona ule Ukuta wa Magharibi Wayahudi wanaposali upo mpaka leo na mawe yamepangana?

JIBU: Jicho zuri. Ule sio ukuta wa hekalu, ni ukuta wa kuzuia udongo wa ule uwanja mkubwa ambao Herode aliutanua, hekalu na majengo yake yalikuwa juu ya uwanja huo, na hayo ndiyo wanafunzi waliyokuwa wanayaonyesha. Ya juu hakuna kilichobaki. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua barabara ya zamani chini ya ukuta huo walikuta mawe makubwa yamelundikana palepale yalipoangukia, mengine yamepasua sakafu ya barabara, na baadhi wameyaacha vilevile watu wayaone.

SWALI: Kama hakuna anayejua siku wala saa, hizo dalili ni za nini basi? Si angenyamaza tu. Na mbona sehemu nyingine anawagombeza watu kwa kutojua majira?

JIBU: Hili ndilo nililipenda kuliko yote, nimeliacha mwisho makusudi.

Naanza na kugombeza. Luka 12:54, anawaambia makutano mkiona wingu likizuka pande za magharibi mnasema mvua inakuja, na inakuja, kwa sababu kule magharibi ni bahari. Upepo wa kusini ukivuma mnasema kutakuwa na joto, na linakuwa, maana kusini ni jangwa. Uso wa nchi na mbingu mnaweza kuutambua, majira haya inakuwaje hamyatambui? Na Mathayo 16 anawaambia Mafarisayo na Masadukayo kitu cha namna hiyo, mbingu nyekundu jioni mnasema kesho kweupe. Sasa angalia walikuwa wameshindwa kutambua nini. Sio mwaka wa mwisho wa dunia. Walikuwa wanadai ishara kutoka mbinguni huku aliyekuwa anaponya vipofu na viwete amesimama mbele yao anaongea nao. Kosa lao ni kukataa kuona kilichopo.

Na dalili zilikuwa za kuwafanya watu wachukue hatua. Angalia Luka 21:20, iko aya chache kabla ya mtini na imejengwa vilevile kama mtini, mkiona, jueni: mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi jueni uharibifu wake umekaribia. Halafu inakuja amri, walio Uyahudi wakimbilie milimani, walio ndani ya mji watoke, walio mashambani wasiingie. Mathayo anaongeza aliye juu ya paa asishuke kuchukua vitu nyumbani, aliye shambani asirudi kuchukua vazi lake, na ombeni isiwe wakati wa baridi. Fikiria hiyo amri ilivyokuwa ngeni. Enzi zile vita ikija kila mtu wa shamba anakimbilia ndani ya mji wenye kuta, ndio kazi ya kuta, na Yerusalemu ilikuwa na kuta kwelikweli. Yeye anasema fanyeni kinyume, tokeni.

Na nafasi ilikuwepo. Mwaka 66 gavana Mrumi wa Siria, Cestius Gallus, alifika na jeshi mpaka Yerusalemu, akashambulia, halafu akaondoka ghafla bila sababu inayoeleweka na akapigwa vibaya njiani. Wengi mjini wakashangilia kwamba Mungu amewapigania. Lakini Josephus, yule mwanahistoria Myahudi aliyekuwepo kwenye vita hiyo, anaandika kwamba baada ya hapo watu mashuhuri wengi waliutoroka mji kama watu wanaoogelea kutoka kwenye meli inayozama. Na Eusebius, aliyeandika karne ya 4, anasema Wakristo wa Yerusalemu walikuwa wameonywa wakahamia Pela, ng'ambo ya Yordani, kabla mambo hayajaharibika. Hao hawakuwa na tarehe. Walikuwa na mtini tu, wakaona majani, wakafunga mizigo, au hata hawakufunga.

Halafu Titus akaja 70, wakati wa Pasaka, mji umefurika wageni waliokuja sikukuu, akauzingira. Josephus anasema wengi wa waliokufa mle ndani hawakuwa wenyeji wa Yerusalemu, walikuwa Wayahudi wa kwingine waliokuja kwa ajili ya mikate isiyotiwa chachu wakafungiwa humo. Watu wa ibada kabisa, na jeshi lilishafika hapo miaka minne nyuma, na bado waliingia.

Kwa hiyo anayetaka kuusoma mfano wa mtini vizuri asianzie kwenye mtini, aanze Luka 21 aya ya 5 mpaka 36 kwa mkupuo mmoja bila kusimama, halafu ndio arudi Mathayo. Walioniuliza kuhusu wanawali kumi na yale mafuta, nimewaona, mtajibiwa toleo lijalo.